Tangi la Kumimina Antifrizi kwenye Boti ya Jeti: Linafaa au Tunapoteza Hela?

Habari zenu wapenzi watazamaji, karibuni tena. Leo tuko nje, baridi ya Minnesota, huku kaskazini mwa Marekani, imeshaanza kung'ata, na boti iko juu ya trela. Haya, sogeza kamera hapa. Hili ni tangi la plastiki la galoni 5, lina koki chini na mpira wa kuunga kwenye ile tundu ya kusafishia injini. Kazi yake ni kumimina antifrizi, yaani kimiminika kisichoganda upesi, kwenye njia za maji kabla barafu haijatuwahi. Chapa ziko nyingi na hazitofautiani sana, kwa hiyo sitaji ya mtu. Nimelinunua kwa hela yangu.

Boti ya jeti, ile inayosukumwa na mchirizo wa maji badala ya propela, inajipooza kwa maji ya ziwa lenyewe: pampu inayavuta, yanazunguka, yanatoka nyuma. Ukizima, yapo yanayobaki kwenye kona. Maji yakiganda hutanuka kwa asilimia 9 hivi, na huku ziwa Minnetonka linaganda mpaka watu wanaegesha magari juu yake. Bloku ya aluminiamu haina ubavu wa kushindana na hilo. Na ikipasuka haikuambii. Utagundua msimu ukifunguliwa, unachomoa kijiti cha oili unakuta rangi ya chai ya maziwa, yaani maji yameshaingia kwenye oili.

Najua mwenye injini ya Rotax ananiambia, "Kaka, yangu ina kulanti yake, kimiminika chake cha kupoozea, kama gari." Ni kweli, injini yako iko salama, lakini ekzosi, njia ya kutolea moshi, bado inapoozwa na maji ya ziwa. Kwa hiyo na wewe usiondoke. Wenye Yamaha ndiyo kabisa, maji ya ziwa yanaingia mpaka ndani ya injini.

Sasa tuje kwenye tangi. Kabla hujaligusa, inua pua ya boti, fungua kizibo cha nyuma maji yashuke, kisha washa injini na upige resi fupi fupi, sekunde 10 hadi 15 tu, ili iyateme maji. Usizidishe, maana inazunguka kavu. Soma kitabu cha boti yako. Na fanya hivi nje, siyo ndani ya gereji iliyofungwa, moshi ule unaua.

Tangi nimeliweka juu ya kiti, kwa sababu halina pampu, linategemea mteremko tu. Hapa nisikilizeni vizuri: injini kwanza, koki baadaye. Ukimaliza, koki kwanza, injini baadaye. Ukifungua koki injini imezimwa, kimiminika kinajaa kwenye ekzosi na kinaweza kurudi mpaka kwenye silinda. Hapo utakuwa umejitengenezea hasara ambayo baridi hata isingekufanyia. Kwenye boksi, onyo hili wameliandika kwa herufi ndogo mno. Mngeliweka mbele, jamani!

Tazama huku nyuma. Kwanza yanatoka maji meupe. Sasa unaona pinki iliyofifia, na wengi wanazima hapa. Bado! Hiyo ni antifrizi iliyochanganyika na maji, haina nguvu. Ngoja... haya, sasa imekolea kama ilivyo kwenye galoni. Funga koki, zima injini.

Malalamiko ninayo. Tangi likifika nusu, mtiririko unalegea. Mpira nao kwenye baridi unakakamaa, ukiukunja unakatalia hivyohivyo, kwa hiyo uloweke kwanza kwenye maji ya moto. Na boti ya injini mbili kama hii, andaa galoni za akiba. Usitegemee tangi moja limalize pande zote.

Antifrizi yenyewe nunua ile ya pinki ya propilini glaikoli, kama dola tano kwa galoni. Ile ya kijani ya magari ni sumu kali kwa mbwa, iache. Halafu ukisoma "nyuzi 50 chini ya sifuri" za Farenhaiti kwenye galoni, ujue hicho ni kiwango cha kulinda bomba lisipasuke. Itaanza kuwa rojorojo mapema zaidi, usishtuke.

Kuna wanaounga kompresa ya upepo badala ya haya yote. Mimi siipendi. Upepo unapita pale penye njia rahisi, maji ya kwenye kona unayaacha yametulia.

Ndugu zangu wa Mombasa na Dar, hili tangi msinunue, adui yenu ni chumvi. Mpira wa bombani na maji yasiyo na chumvi unatosha, ila ule utaratibu wa injini kwanza, maji baadaye, unawahusu vilevile.

Kwa hiyo ninunue au nisinunue? Kama una injini moja, nunua. Kama una mbili, ongeza hela kidogo utafute lenye pampu ya umeme wa betri. Na msimu ukianza, suuzeni nyumbani mkiwa na ndoo chini, siyo mkaitapishe ile pinki ziwani.