Barakoa na kitakasa mikono, duka la dawa karibu na stendi, Moshi

Redio ikitangaza mafua makali asubuhi, kufika mchana barakoa huwa zimepanda bei mjini. Hapa bei haikuguswa. Barakoa ni za tabaka tatu, na waya wa pua unakunjika vizuri. Upande wa rangi ukae nje, ikilowa tupa. Kitakasa ndicho kinachoangusha: lebo haitaji kiwango cha alkoholi, na chini ya asilimia 60 hayo ni marashi tu. Muuzaji anasukuma na amoksilini (kwa cheti gani?), dawa ya bakteria isiyoua virusi vya mafua. Bango lao la kitimoto ni zuri: nyama ya nguruwe iliyoiva haiambukizi mafua. Mwaka 2009 jina “mafua ya nguruwe” liliwatisha walaji bure, huku H1N1, kirusi cha mafua hayo, ikienea kwa kikohozi na chafya.