E6B ya alumini: kwa nini bado naitembeza kwenye begi

E6B yangu, kikokotoo cha marubani cha kuzungusha kwa mkono, niliinunua uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, kwa kaka mmoja aliyekuwa amemaliza masomo yake ya urubani, shilingi 4,000, ikiwa na mkwaruzo pembeni. Sasa ni mwaka na miezi minne. Wadogo zangu wanaoanza darasa huniuliza kama kuna haja ya kuhangaika na gurudumu la kuzungusha ilhali simu ina programu ya kufanya hesabu zote. Haja ipo.

Wilson iko futi 5,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Mchana wa Februari, joto likifika nyuzi 26, unazungusha mpaka 26 ikutane na 5,500 kwenye kidirisha cha joto, kisha unasoma kidirisha cha pembeni: futi 8,000 hivi. Yaani magurudumu yamekaa kwenye lami ya Wilson, lakini bawa, propela na injini vinapata hewa nyepesi kama ya futi 8,000, na ndege itakimbia sana kabla haijainuka. Fanya hivyo hivyo kwa Mombasa, futi 200, nyuzi 30. Inakuja kama 2,000 tu, na Mombasa ndiko kwenye joto zaidi! Mara ya kwanza nilirudia mara tatu nikidhani nimekosea. Simu ingenipa jibu nikaliandika nikasonga mbele. Hapa niliona kwa macho: kila nikiongeza joto nyuzi moja, mwinuko ninaousoma kidirishani unapanda futi kama 120.

Nilipoitwa kwenye usaili wa shirika la ndege, swali la kwanza la ufundi lilikuwa hilo hilo, joto na mwinuko vinafanya nini wakati wa kuruka. Sikukumbuka maneno ya daftari. Nilikumbuka gurudumu likizunguka, nikaeleza.

Upande wa pili ni wa upepo, na huo ndio naupenda zaidi. Tuseme una safari ya maili za baharini 238, uelekeo nyuzi 127, mwendo wako hewani noti 105 (noti ni maili ya baharini kwa saa), upepo unatoka nyuzi 090 kwa noti 20. Unaleta 090 juu, unaweka nukta ya penseli noti 20 juu ya kitundu cha katikati, unazungusha mpaka 127 ije juu, unavuta ubao hadi nukta ikae kwenye tao la 105. Chini ya kitundu unasoma 88, huo ndio mwendo wako juu ya ardhi. Nukta imeegemea kando kama nyuzi 7, basi pua ya ndege unaielekeza 120. Geuza upande wa kwanza, weka mshale wa 60 kwenye 88, tafuta 238: dakika 162. Bila upepo zingekuwa 136. Dakika 26 hizo ni mafuta, na mafuta hayo uyapakie kabla hujaondoka.

Kosa moja lazima ulizoee: haina nukta ya desimali. 16 inaweza kuwa 1.6 au 160, kwa hiyo ukadirie kichwani kwanza. Mwalimu wangu alikuwa mkali sana hapo, na namshukuru.

Aliyeibuni ni Philip Dalton, Mmarekani, miaka ya 1930. Alikufa 1941 ndege ilipoanguka akiwa na mwanafunzi wake. Kila ninapofundisha mtu kuitumia humtaja.

Ukishafika masomo ya leseni ya juu ya ndege za abiria, utahitaji CRP-5 ya kampuni ya Pooleys, kikokotoo cha aina hiyo hiyo, au inayofanana nayo, maana ina marekebisho ya mwendo wa zaidi ya noti 300. Kwa kuanzia, E6B inatosha kabisa.

Nunua ya chuma. Ya plastiki niliyoanza nayo, ya duka moja mjini, ilipinda kwa kuachwa garini juani, na kabla ya hapo ilikuwa tayari inanidanganya. Kabla hujatoa pesa, linganisha 10 ya duara la ndani na 10 ya duara la nje, kisha zunguka na macho: 20 kwa 20, 35 kwa 35, 70 kwa 70. Ikiachana hata unywele mmoja, rudisha mezani.