Tanki la lita 5,000 la kuvunia mvua: uzoefu wangu wa misimu mitatu, Chamwino, Dodoma

Tanki ni la plastiki, jeusi, linapokea maji ya paa la bati. Anza na hesabu kabla ya kwenda dukani. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Dodoma hupata milimita 550 hadi 600 hivi kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Paa la mita za mraba 40, ukiondoa sehemu ya tano inayopotea, linatoa zaidi ya lita 17,000. Mvua basi inatosha. Kinachopungua ni pa kuihifadhi. Kwenye tembe usijaribu, paa la udongo litakupa tope.

Kazi kubwa ipo kwenye kitako. Tanki likijaa lina tani 5. Panga mawe, jaza kifusi ushindilie, kisha mwaga zege la sentimita 10, lisawazishwe kwa pima maji na lizidi upana wa tanki pande zote. Jiwe moja lililochomoza linatosha kulipasua kwa chini. Koki ikae sentimita 50 kutoka ardhini, ndoo ya lita 20 iingie bila kuinamishwa.

Gata ziteremke sentimita 1 kwa kila mita. Vishikio viwe kila nusu mita. Vyetu fundi aliviweka kila mita moja na nusu, na mvua kubwa ya kwanza ikazibonyeza katikati, maji yote ukutani.

Maji ya kwanza yasiingie kabisa: yamebeba vumbi la miezi saba na kinyesi cha ndege. Kabla ya tanki, shusha bomba la inchi 4 lililozibwa chini. Mita moja hubeba lita 8, hivyo mita mbili na nusu zinameza lita 20 chafu, ndipo yanayofuata yavuke kwenda tankini. Toboa tundu dogo kwenye kizibo lijimwage lenyewe. Wavu wa mbu ufunge mdomo wa kuingilia na bomba la kumwagia ziada. Ya kunywa bado tunachemsha.

Faida kubwa kwa mkulima huja wakati ambao wengi hawautazamii, masika yenyewe. Huo ndio msimu wa palizi ya mtama na alizeti, na ndio wakati watu huchota makorongoni, maji ya tope yanayoharisha watoto. Koki ikiwa nyumbani, asubuhi nzima inabaki shambani. Nyuso za watoto zinanawishwa kila siku kwenye kibuyu chirizi, jambo zito kwenye kanda hii yenye historia ya trakoma, ugonjwa wa macho unaopofusha, na maji ya kuoshea vyombo yanamwagwa kwenye mchicha.

Kuanzia Mei funga koki kwa kufuli. Kwa lita 40 kwa siku, za kunywa na kupika tu, tanki linakwenda karibu siku 125. Ng'ombe mmoja aweza kunywa kiasi hicho peke yake, kwa hiyo mifugo ibaki lamboni. Tanki usilikaushe kabisa pia. Tanki tupu upepo wa kiangazi hulisukuma likang'oa bomba.

Mapema Septemba tunarudi foleni ya kisimani. Mwenye uwezo ajenge kitako cha matanki mawili tangu mwanzo: la pili la ukubwa huohuo linamfikisha mvua mpya.