"Mfumo unasoma sifuri": uzoefu wangu na kishikwambi cha shule, Tanga

Naandika nikiwa na hasira, na najua wapo watakaoniambia ningengoja zipoe. Nimezingoja tangu muhula uliopita. Kila nikipita mbele ya lile geti zinanipanda upya.

Ni huu mpango wa vishikwambi kwenye shule binafsi ya msingi anayosoma mwanangu hapa Tanga mjini. Shule siitaji jina, mtoto bado yumo. Ukitaka kujua kioo kina ukubwa gani au chaji inakaa saa ngapi, muulize anayeviuza. Mimi nasema kilichompata mtoto wangu.

Kwenye kikao cha wazazi tuliambiwa hela itaingizwa ndani ya ada, awamu mbili. Nauza nazi na machungwa ya Muheza pale soko la Mgandini, kwa hiyo hela ile naijua ilivyopatikana, tenga kwa tenga. Nikalipa kwa moyo mmoja, tena mapema kuliko wengi, kwa sababu sikutaka mwanangu aachwe nyuma na wenzake.

Yuko darasa la tatu. Jumamosi anashinda na mimi gengeni, na chenji anarudisha yeye. Mteja akichukua machungwa ya elfu moja na mia tano, akatoa noti ya elfu tano, mtoto hagusi hata vidole: elfu tatu na mia tano hii hapa, shangazi, karibu tena. Sasa mtoto huyo siku moja karudi nyumbani macho mekundu, hataki kula. Kapata sifuri. Hesabu za fedha, maswali kumi, sifuri.

Nikamwambia lete daftari nione. Daftari hakuna, jaribio wanajibia kwenye kishikwambi. Alichokuwa nacho ni ukurasa mmoja wa daftari la mraba aliouchana akafanyie kazi yake pembeni. Nikakaa nao chini ya taa. Kila tarakimu imekaa kwenye chumba chake. Ile moja ya kubeba kaiandika juu, ndogo, kama nukta. Kwenye swali la saba kafuta mpaka karatasi imetoboka, kisha kaandika upya pembeni ya tundu. Nikazipiga moja baada ya nyingine kwa kichwa, nikarudia kwa kikokotoo cha simu. Zote kumi sahihi.

Ilinichukua muda kuelewa. Mwanangu alijibu "sh. 450", "sh. 3,500", hivyo hivyo mpaka mwisho. Ndivyo mwalimu wake alivyowafundisha toka mwanzo: jibu la fedha lisiloandikwa shilingi limepungua, unakatwa maksi. Programu yenyewe ilikuwa inataka tarakimu tupu. Ikikuta ile "sh." inaweka kosa. Ikaweka kosa mara kumi, mtoto akiangalia.

Asubuhi nikafunga safari na karatasi yangu mkononi. Mwalimu alikuwa kwenye kipindi, nikaelekezwa chumba cha kompyuta kwa kijana anayesimamia vishikwambi. Nikapiga hodi, kimya. Hodi ya pili, kimya. Ya tatu nikasikia "eeh". Shikamoo sikupewa, kiti sikupewa, na kijana yule ningeweza kumzaa. Macho yako kwenye simu yake. Nikamweleza, nikamtandikia karatasi mezani, nikamwonyesha hesabu ya kwanza, ya pili. Akabonyeza kompyuta, akaniambia:

"Mama, mfumo unasoma sifuri."

Nikamwambia, mwanangu, mfumo nimesikia unavyosoma, wewe hii umeisoma? Akaisukuma karatasi kwa kidole kimoja, ikarudi upande wangu. "Hiyo haiingii kwenye mfumo."

Kidole kile sijakisahau. Mtoto wa miaka minane kafuta mpaka karatasi imetoboka ili apate jibu la haki, na mtu mzima anaisukuma kama ganda la muhogo.

Nikamngoja mwalimu. Akaja, akaishika kwa mikono miwili, akaisoma yote amesimama pale kwenye baraza. Akasema, "Mama, mtoto kapata. Lakini sina pa kurekebisha. Alama zinajiingiza zenyewe." Hapo ndipo miguu iliponiisha nguvu, kuliko hata kwa yule kijana. Mwalimu mtu mzima, kasomesha watoto miaka na miaka, anauona ukweli kwa macho yake na hana mahali pa kuuandika. Zamani mtoto akikosea jibu lakini njia ni sahihi, mwalimu anaona njia, anajua alipojikwaa ni wapi. Kifaa hiki njia hakiioni kabisa, kinaona kilichoandikwa kwenye kisanduku basi.

Mengine ni ya kawaida, nayapitia haraka. Umeme ukikatika usiku, nusu ya darasa linakuja na vioo vyeusi. Intaneti ikisuasua programu inaganda, wanakaa wanaangalia kile kiduara kinavyozunguka. Mwalimu anatembea dawati kwa dawati kuwaingizia nywila, na kipindi kimekwisha. Vitabu vilivyomo nilivifungua mwenyewe: ni vilevile vya Taasisi ya Elimu, ambavyo Taasisi yenyewe imeviweka bure kwenye maktaba yake mtandao.

La mwandiko siwezi kulipitia haraka. Mwanangu alikuwa na mwandiko unaosomeka, sasa herufi zinapanda na kushuka, na akiandika mistari mitano anakung'uta mkono. Mwakani ana Upimaji wa Kitaifa wa darasa la nne, na ule ni wa karatasi. Baraza la Mitihani halitampa kishikwambi.

Sasa nisionekane napinga teknolojia yote, kwa sababu siipingi. Mkoani kwetu humu humu Tanga ndiko yalikojaribiwa yale mashindano ya Global Learning XPRIZE, ya kutafuta programu za kumwezesha mtoto kujifunza mwenyewe kusoma, kuandika na kuhesabu: vijiji 170, watoto karibu 3,000, wengi wao hawakuwa wamekanyaga shule. Walipewa vishikwambi vyenye programu za Kiswahili na vituo vya kuchajia kwa jua, na walikuwepo waliojifunza kusoma. Mwaka 2019 zikatangazwa programu mbili zilizoshinda, Kitkit School na onebillion. Kwa mtoto asiye na mwalimu hiyo ni neema, sitasema vingine. Mwanangu mimi mwalimu anaye. Yuko hatua tatu kutoka dawati lake, na kifaa kimewekwa katikati yao. Vishikwambi vya Sensa ya 2022, serikali ilipovipeleka kwenye elimu, vilikwenda mikononi mwa walimu, na hilo naliona lina akili. Na UNESCO kwenye ripoti yao ya mwaka 2023 wameandika wazi kwamba teknolojia isaidie mafundisho, isichukue nafasi ya mwalimu kukutana na mwanafunzi. Sikuhitaji ripoti kulijua, ila nimelitaja ili nisiambiwe ni maneno ya mama wa sokoni.

Na darasani kwa mwanangu kuna binti wa jirani yetu mwenye uoni hafifu. Ubaoni alikuwa haoni kitu, alikuwa ananakili kwa mwenzake. Sasa anayakuza maandishi mpaka herufi moja inajaa kiganja, na anasoma mwenyewe kwa sauti. Mama yake ananiambia usiku anamsikia akisoma kitandani. Kwa binti yule nisingekubali kifaa kichukuliwe hata kwa amri.

Nilipoanza kuandika nilitaka kutoa nyota mbili. Nilipofika kwa huyu binti nikasema basi ziwe tatu, kifaa chenyewe huenda hakina kosa, kosa ni la waliokipa ukubwa kuliko mwalimu. Lakini nikikumbuka kile kidole moyo unakataa. Natoa moja, na hiyo moja ni ya binti wa jirani.

Jioni ya siku ile ile niliyokwenda shuleni, mwalimu alipita gengeni. Hakuja kununua. Aliniuliza, "Ile karatasi unayo?" Nikaitoa kwenye mkoba wa hela. Akakaa juu ya kreti la soda, akamwita mtoto asimame pembeni yake, akatoa kalamu nyekundu. Akasahihisha moja moja, polepole. Kwenye swali la saba akaweka kidole juu ya lile tundu, akamuuliza, "Hapa ulitaka kufanyaje kwanza?" Mtoto akamweleza alivyosahau kubeba, akagundua, akafuta. Mwalimu akaweka vema. Chini akaandika kumi kwa kumi, vizuri sana, akatia sahihi. Mtoto alicheka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia wiki nzima.

Ripoti ya muhula imekuja, jaribio lile bado linasomeka sifuri. Karatasi ya ada ya muhula ujao nayo imekuja, na mstari wa kishikwambi upo. Ada ya masomo nimepeleka. Ule mstari sijaulipa. Nimewaandikia kwamba nitaulipa siku mtu mmoja wa ofisi ile atakapoichukua karatasi ya mwanangu mikononi, akaisoma mpaka hesabu ya kumi.