Uzoefu wangu: sanduku la kadi za chemsha bongo, muziki wa 1970 hadi 1974

Sanduku hili nililetewa na binamu yangu aliyekuja likizo kutoka Uingereza mwezi wa Julai. Nilikuwa nimeliona mtandaoni, nikamtumia picha, nikamrudishia gharama zake, kama shilingi elfu sabini hivi. Ndani mna kadi 250, kila mwaka na rangi yake, kipima muda cha mchanga, kijitabu cha kanuni na kadi kumi tupu ambazo mwanzoni sikujua ni za nini. Maswali yote yamo kwa Kiingereza.

Wakati nalinunua nilikuwa namfikiria mjomba wangu. Mjomba ana santuri zipatazo sitini, amezipanga wimawima ndani ya kreti la soda chini ya kitanda. Tangu mkewe afariki mwaka juzi hakuwa amezigusa. Ukimwuliza anasema sindano imekwisha. Sindano mpya nilimtafutia, ikakaa kabatini na kifungashio chake.

Basi Jumamosi moja baada ya chakula cha usiku nikalifungua sanduku sebuleni kwa Mama, hapa Dar es Salaam. Tulikuwa watano: Mama, Mjomba, mimi, binti yangu wa miaka kumi na minne, na mtoto wa kaka yangu anayesoma chuo. Nusu saa ya kwanza ilikuwa ngumu. Nilisoma swali kwa Kiingereza, nikalitafsiri, mchanga ukaisha kabla sijamaliza. Na maswali yenyewe yalianza vibaya. “Bridge over Troubled Water” ya Simon na Garfunkel ilishika namba moja Marekani wiki ngapi mwaka 1970? Jibu ni wiki sita. Nani angejua? Na akishajua, afanye nini? Vijana wakarudi kwenye simu zao.

Mjomba ndiye aliyeliokoa. Alikuwa amekaa kimya, mkono kidevuni, kisha akasema, “Mwanangu, hivi si vitendawili hivi? Mbona unasoma kama mtihani? Tega!”

Kipima muda tukakiweka pembeni (nacho kilikuwa kimeshaanza kuvujisha mchanga kwenye kiungo, hilo ni kosa la utengenezaji na nalisema wazi). Tangu usiku ule msomaji anasema “Kitendawili!”, wengine wanaitika “Tega!”, na mkishindwa mnatoa mji. Alama za kijitabu tumeziacha. Anayeshinda ni mwenye miji mingi, na mji ukishatolewa haurudiwi. Kama una wazee nyumbani, cheza hivi. Sijui kama bila hivyo ningeandika chochote leo.

Swali lililotufungua lilikuwa la Bill Withers. Katika “Ain't No Sunshine” ya mwaka 1971 kuna mahali anarudia neno moja, “najua”, mfululizo. Analirudia mara ngapi? Mama akasema kumi na tano. Binti yangu akasema thelathini. Mjomba hakujibu. Aliinuka, akaingia chumbani, tukasikia kreti linaburutwa sakafuni.

Alirudi na santuri ndogo, ile ya wimbo mmoja kila upande, ameishika kingoni kwa viganja viwili kama mtu aliyebeba sahani ya mchuzi. Akaifuta kwa ncha ya kanga ya Mama, kutoka katikati kwenda nje, polepole. Akachomeka kile kiplastiki cha kuziba tundu kubwa la katikati. Sindano mpya ikatoka kwenye kifungashio siku ile. Mama akamwaga njiti za kiberiti kwenye sinia, kila “najua” njiti moja. Mara ya kwanza binti yangu alipata 24, mimi 27, tukaanza kubishana. Mjomba akairudisha sindano. Mara ya tatu sote tukawa kimya, njiti zinaanguka moja moja, na zikawa 26. Jibu la kadi: 26.

Kwa nyuma kadi imeeleza zaidi, na hapa ndipo watunzi wa sanduku hili wanapostahili sifa. Withers hakukusudia kurudia neno hilo. Alitaka kuongeza beti, lakini wanamuziki aliokuwa nao studio wakamwambia aache hivyohivyo. Alikuwa ametumikia jeshi la wanamaji miaka tisa, na siku hizo alikuwa mfanyakazi wa kiwanda, akitengeneza vyoo vya ndege. Kwenye jalada la albamu yake ya kwanza amesimama kiwandani na kibweta chake cha chakula mkononi. Alikuwa amepita miaka thelathini. Mtoto wa kaka yangu, ambaye anahangaika kutafuta kazi, aliiomba kadi ile akaisoma tena mwenyewe.

Kisha Mjomba akaigeuza santuri, akatuonyesha maandishi ya upande wa pili. Wimbo ule kampuni haikuutoa kama wimbo mkuu. Mkuu ulikuwa “Harlem”. “Ain't No Sunshine” uliwekwa nyuma, wa kujazia. Watangazaji wa redio ndio walioigeuza sahani.

Baada ya hapo tukaanza kuwinda kadi za upande wa pili, na zipo kadhaa. “Maggie May” ya Rod Stewart, 1971: ilikuwa nyuma, redio zikaigeuza, ikashika namba moja Uingereza na Marekani. “Kung Fu Fighting” ya mwaka 1974: Carl Douglas, mzaliwa wa Jamaika, aliirekodi London na mtayarishaji Biddu, mzaliwa wa India, kwa haraka mwishoni mwa muda wao wa studio, kwa sababu walihitaji kitu cha kuweka nyuma ya wimbo waliouthamini zaidi. Huo waliouthamini nani anaukumbuka? Binti yangu aliuliza kwa nini kila kitu kizuri kiliwekwa nyuma. Babu yake akamjibu kwamba si kila kitu, ila zamani ulikuwa unauziwa nyimbo mbili kwa bei ya moja, kwa hiyo ulikuwa na nafasi ya kuchagua mwenyewe.

Na kuna “Soul Makossa” ya Manu Dibango. Hii ndiyo kadi niipendayo kuliko zote. Mwaka 1972 Kamerun waliandaa Kombe la Mataifa ya Afrika, Dibango akatunga wimbo wa kuishangilia timu ya taifa. Nyuma ya santuri akaweka kitu chake, saksafoni na maneno ya Kiduala. Timu ikatolewa nusu fainali na Kongo Brazzaville, waliokwenda kulitwaa kombe, na wimbo wa kuishangilia ukafa nayo. Lakini sahani chache zilifika New York, zikaangukia mikononi mwa wapiga disko, redio zikafuata, na mwaka 1973 upande wa pili ukapanda hadi namba 35 kwenye chati ya Marekani. Miaka tisa baadaye Michael Jackson akayachukua maneno yale akayapeleka kwenye albamu yake ya “Thriller”. Vijana wangu waliyajua yale maneno kwa Michael. Hawakuwa wamewahi kusikia kwamba yana mwenyewe, na mwenyewe ni Mwafrika. Tulipiga zote mbili, moja baada ya nyingine, na mtoto wa kaka yangu akasimama katikati ya sebule.

Sasa malalamiko. Hiyo “Soul Makossa” ndiyo kadi pekee kati ya 250 inayozungumzia mwanamuziki aliyekuwa akiimba kwa lugha ya Kiafrika. Moja! Miaka ileile Fela alikuwa anawaka Lagos, Franco Kinshasa. Najua sanduku limetengenezwa kwa soko la Uingereza na Marekani, ila jalada limeandikwa kwamba ni la dunia nzima, na hapo ndipo niliposikitika.

Kuna pia kadi ya Freddie Mercury, inayouliza mwimbaji wa Queen alizaliwa wapi. Sikufika mwisho wa swali. Mama, mzaliwa wa Unguja, alikuwa ameshajibu, tena amesimama. Farrokh Bulsara, Septemba 5, 1946, Zanzibar. Familia ikahamia Uingereza mwaka 1964 baada ya Mapinduzi, Queen ikaundwa mwaka 1970, na mwaka 1974 “Killer Queen” ikafika namba mbili kule. Kadi inasema yote hayo kwa usahihi. Mama aliichukua akaiweka ukingoni mwa kioo cha kabati la vyombo, na iko pale mpaka leo. Kwa hiyo sanduku langu lina kadi 249.

Kosa kubwa nililolikuta ni kwenye rangi ya 1972. Kadi inampa Jimmy Cliff wimbo wa “I Can See Clearly Now”. Si kweli. Mwaka ule uliimbwa na kutungwa na Johnny Nash, Mmarekani wa Houston, na ukakaa namba moja kwao wiki nne. Jimmy Cliff aliurudia mwaka 1993, kwa ajili ya filamu ya Wajamaika wa mchezo wa barafuni. Nash ndiye pia aliyeipeleka “Stir It Up” ya Bob Marley kwenye chati kabla dunia haijamjua Marley vizuri, kwa hiyo kumnyang'anya wimbo wake mkubwa si jambo dogo. Mjomba aliikataa kadi ile papo hapo, na hakukubali kutoa mji. Niliwaandikia watengenezaji barua pepe. Walijibu baada ya wiki, kwa adabu, wakasema toleo lijalo litasahihishwa. Kadi mpya hawakunitumia.

Maswali ya namba, kama nilivyosema, mengi yamekufa. Lakini si yote. “American Pie” ya Don McLean ina urefu wa zaidi ya dakika 8 na nusu, ikabidi ikatwe katikati: nusu upande huu, nusu upande ule. Swali linauliza ilishikilia hadi mwaka gani rekodi ya wimbo mrefu kuliko zote zilizowahi kufika namba moja Marekani. Hapo Mjomba na Mama walishika vichwa, na binti yangu akajibu akiwa anakula embe: 2021, Taylor Swift, ule wa dakika kumi. Alijua hata mwezi, Novemba. Nilimwona babu yake anamtazama kwa heshima. Namba ya namna hii ina maana, kwa sababu unaiona: mtu anainuka katikati ya wimbo kwenda kugeuza sahani.

Mama mwenyewe ni mtu wa muziki wa kantri, na kwa Dolly Parton kadi zimemfikia. Jina la “Jolene”, wimbo wa mwaka 1973, lilitoka kwa mtoto mdogo wa kike aliyekuja kuomba saini. Na “I Will Always Love You”, uliotoka 1974, aliutunga kumuaga Porter Wagoner, aliyekuwa akiimba naye kwenye televisheni. Elvis akautaka. Meneja wa Elvis akadai nusu ya haki za utunzi.

“Akampa?” Mama akauliza.

“Hakumpa, Mama. Alikataa.”

Mama akapiga meza kwa kiganja, vikombe vikaruka. Nilipomwambia kwamba miaka kumi na minane baadaye Whitney Houston aliuimba, na haki zote bado ziko kwa Dolly, alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga.

Kadi tupu tulizigundulia kazi wiki ya tatu. Mjomba alishindwa swali la mji ambao ABBA walishindia Eurovision (Brighton, 1974), tukamwambia, “Tupe mji.” Akatoa Osaka. Binti yangu akamwuliza Osaka ameijulia wapi. Akacheka, akasema ameijua kwa Mbaraka Mwinshehe, aliyekwenda kupiga huko kwenye maonyesho ya Expo 70. Kisha akaanza kusimulia, na usiku ule hatukusoma kadi nyingine. Alisimulia jinsi mwishoni mwa mwaka 1969 muziki wa soul ulivyopigwa marufuku Dar es Salaam, naye ana miaka kumi na sita, na jinsi walivyofunga madirisha ili wamsikilize James Brown kwa sauti ya chini. Alisimulia Kinshasa, Septemba 1974, tamasha lililoandaliwa liende pamoja na pambano la Ali na Foreman. Foreman akachanika juu ya jicho mazoezini, pambano likasogezwa hadi Oktoba 30, lakini muziki haukusubiri. James Brown alipanda jukwaani, B.B. King, Miriam Makeba, Celia Cruz, Franco. Na Bill Withers, yule wa njiti 26.

Asubuhi yake nilimpa kadi kumi tupu na kalamu. Ameandika nane, kwa Kiswahili, kwa ule mwandiko wake wa kulalia upande. Ya kwanza: “Kitendawili. Mwaka 1973 niliiacha Morogoro Jazz nikaanzisha Super Volcano. Mimi nani?”

Kama unataka kununua: usinunue ili wacheze vijana peke yao, watachoka mapema. Tafuta mtu mmoja aliyekuwa kijana miaka ile. Msomaji awe anakimudu Kiingereza na azisome kadi kabla ya mchezo, aziondoe zile za wiki ngapi namba ngapi. Karatasi ni nene, zimestahimili mikono ya mafuta na chai iliyomwagika. Kwa bei ile ningelinunua tena.

Jumamosi iliyopita binti yangu alirudi na manila mbili kutoka dukani, tukazikata kwa ukubwa uleule wa kadi. Zimetoka thelathini na mbili. Mjomba amezibeba chumbani kwake, na kreti sasa liko sebuleni kando ya redio.