Jambojet, Mombasa–Nairobi: unafuu wa nauli unatoka wapi

Kwa anayejilipia nauli kutoka mfukoni mwake, Jambojet, shirika la ndege, ndiyo chaguo letu la kwanza kati ya Mombasa na Nairobi, mradi anunue tiketi mapema na asafiri na mzigo mwepesi. Likikosekana moja kati ya hayo, unafuu wote huyeyuka.

Wengi hudhani tiketi ni rahisi kwa kuwa hakuna chakula. Chakula cha safari ya saa moja ni pesa kidogo. Siri iko kwenye ndege yenyewe. Kampuni hii, tanzu ya Kenya Airways, ilianza safari Aprili 2014 kwa jeti za Boeing 737, kisha ikahamia Dash 8-400, ndege ya rafadha mbili yenye viti 78. Kwa masafa ya kilomita mia nne na ushei, ndege ya aina hii hunywa mafuta machache kuliko jeti, na mafuta ndiyo gharama inayouma zaidi, maana bei yake hufuata dola ilhali abiria hulipa shilingi. Tena ndege zikiwa za aina moja, rubani yeyote huweza kupangiwa yoyote, mafundi husomea injini moja, na stoo ya vipuri huwa moja. Ndege hiyohiyo hutua Ukunda, kwenye njia ya kurukia ambayo ni fupi mno kwa 737. Wa Diani na Msambweni waangalie safari za huko kabla ya kujitia kwenye foleni ya feri Likoni.

La pili ni kutoiacha ndege ikae chini. Ikishatua uwanja wa Moi, Mombasa, abiria washuke, mizigo iteremshwe, ndani pasafishwe, wapya wapande, iondoke baada ya nusu saa hivi. Kila safari inayoongezwa kwa siku hugawanya gharama ya kumiliki ndege kwa abiria wengi zaidi. Udhaifu wa mfumo huu wa nauli nafuu, popote duniani, uko papo hapo: ratiba haina nafasi ya kupumulia. Ndege ikichelewa dakika 40 asubuhi, kuchelewa huko huifuata hadi jioni, kwa sababu safari zote ni zake. Mwenye kesi mahakamani au miadi ya daktari achukue ndege ya asubuhi. Anayeunganisha kwenda nje kwa tiketi ya kampuni nyingine ajiachie saa nne au zaidi, kwani tiketi zilizonunuliwa mbalimbali hazifungamani: ukiachwa na ya pili, hasara ni yako.

Kisha kuna viti. Ishirini vikienda vitupu, robo ya ndege imeruka bure, na mafuta, mshahara wa rubani na ada ya kutua havipungui kwa robo. Ndiyo maana bei huwekwa kwa ngazi: viti vichache vya bei ya chini, vikiisha mfumo hupanda ngazi. Desemba, Pasaka na shule zikifungwa, ngazi za chini huisha wiki kadhaa kabla. Bei ya dakika za mwisho hatuipendekezi kwa asiye na dharura. Treni ya SGR kutoka Miritini, daraja la kawaida, ni shilingi 1,500 tangu Januari 2024, ingawa itakula nusu siku.

Begi la mkononi ni kilo 7. Halua, mabuyu na achari za kupelekea jamaa hufikisha kilo hizo upesi, kwa hiyo lipime nyumbani. Likizidi, lipia mzigo mtandaoni wakati wa kununua tiketi, kwa kuwa kaunta ndiko bei huwa ya juu. Jina nalo liandike kama lilivyo kwenye kitambulisho, majina na herufi zote, kabla hujabonyeza kulipa kwa M-Pesa.