Jarida la muziki: pini au gundi?

Anayeanzisha jarida la muziki aamue mapema litafungwaje, maana hilo ndilo linalopanga idadi ya kurasa na nafasi ya picha.

Pini mbili kwenye mkunjo ni nafuu, hata kwa nakala 100. Kurasa lazima zigawanyike kwa 4: ukiwa na 30, punguza 2 au ongeza 2. Jarida hulala wazi, hivyo mashairi yenye kodi (chords) za gitaa husomeka mikono yote ikiwa kwenye nyuzi, na picha ya jukwaa inayovuka kurasa mbili haimezwi. Shida ni unene. Kurasa za katikati husukumwa nje, kisu kikipita kinazila ukingoni. Namba za ukurasa zilizobanwa milimita 3 kutoka ukingo huondoka nazo. Kurasa zikizidi 64 hivi, jarida halitulii, linajifungua lenyewe.

Gundi huleta mgongo wa kuandika jina na namba ya toleo. Kwa anayepanga majarida kando ya santuri zake, hilo si dogo. Ila mgongo mwembamba chini ya milimita 3 haushiki vizuri, na karatasi nzito ambayo nyuzinyuzi zilizoiunda hazilali sambamba na mgongo huachia mapema. Uso wa msanii usiwekwe katikati ya kurasa mbili: pua itazama.

Kurasa 32 za kuuza mlangoni kwenye tamasha, pini zinatosha. Toleo la mwaka la kurasa 120, gundi. Kati ya 64 na 80 ndipo penye ubishi. Mwombe mchapaji nakala tupu ya karatasi ileile, uifungue na kuikunja kabla ya kulipa.